Mwalimu wa "Give Up"

Walikutana stendi ya mabasi Kahama, kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, kila mmoja ameshika pembe ya kitabu kilekile cha Kiingereza, na hakuna aliyekuwa na nia ya kuachia.

"Dada, mimi ndiye niliyekiona kwanza," alisema kijana mwenye mabuti yaliyokaukiwa na udongo mwekundu.

"Kaka, mimi nafundisha Kiingereza. Wewe utakifanyia nini?"

"Nitakisoma, mwalimu. Mimi ni mchimbaji mdogo; mgodi mkubwa wanataka madereva wa mitambo, na usaili ni kwa Kiingereza."

Ritha, ndani ya gauni la kitenge cha zambarau, alitoa hukumu: kitabu abaki nacho yeye, mchimbaji aje kusoma nyumbani kwao, mtaa wa Nyasubi, kila Jumamosi. Hivyo ndivyo elimu ilivyoleta balaa.

Somo la kwanza lilikuwa "give up".

"Ukisema 'I gave up smoking', umeacha sigara," Ritha alieleza. "Ukimpisha mjamzito kiti, 'you give up your seat'. Mwizi akizingirwa, 'he gives himself up', anajisalimisha. Na 'I give up' peke yake ni kukata tamaa."

"Na nikitaka kumwambia mtu kwamba simwachi ng'o?"

"I won't give up on you."

"Nimesikia, mpenzi. Nimekubali."

"Nkwabi! Hilo ni zoezi!"

Lakini alicheka, na mwalimu akishacheka darasa limeisha. Ikawa simu asubuhi, simu jioni, hadi Nkwabi akaahidi kuja Jumapili kujitambulisha kwa Mzee Theonest, baba yake Ritha.

Kisha simu ikawa inaita tu, haipokelewi. Jumapili mama alichinja jogoo. Mzee alivaa koti la kanisani, akakaa barazani mpaka jogoo akapoa. Hakuna aliyekuja.

"Jumapili ijayo nalivaa tena," alisema mzee. "Asipokuja, shangazi yako ana mtu wake Shinyanga. Ana duka la spea."

Jumamosi Ritha alipanda basi hadi Rwamgasa, kwenye machimbo ya Nkwabi, amenuna njia nzima. Wanawake hawaruhusiwi kukaribia maduara, yaani mashimo ya dhahabu, hivyo aliketi kwa Mama Klara, muuza chakula, akatuma aitwe Nkwabi. Kilichojitokeza kilikuwa cha kijivu kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

"Simama hapohapo!" Nkwabi alipaza sauti. "Usinisogelee!"

"Una mwingine?"

"Nina duara! Limeanza kutema dhahabu. Likitema hatuogi, wala hatuongei na wapenzi, hata kwa simu. Ni mwiko, na hapa tayari naiba maneno. Dhahabu ina wivu, Ritha, inakimbia."

"Hujaoga tangu lini?"

"Tangu tuongee mara ya mwisho."

Upepo ulithibitisha.

"Ungeniambia!"

"Kukuambia si ndiyo kuongea na wewe?"

"Ungemtuma rafiki yako Herman!"

"Herman naye yuko duara hilihili, shemeji," alijibu Herman mwenyewe kutoka nyuma ya Nkwabi, wa kijivu vilevile. "Tena mimi nanuka zaidi."

Ritha alishika kichwa. Alikuwa amejiandaa kumkuta na mwanamke; kwa mwamba hakuwa na matusi.

"Nkwabi, kesho baba anavaa koti kwa mara ya mwisho. Mimi I give up."

"Ile ya sigara au ile ya mwizi?"

"Ya kukata tamaa!" Akachukua mkoba wake, akaanza kuondoka.

Nkwabi alilitazama duara. Alimtazama Ritha, mgongo wake ukizidi kuwa mdogo.

"Mama Klara, shikamoo. Naomba ndoo ya maji. Na sabuni."

"Nkwabi!" Herman alipiga kelele. "Ukioga umejitoa! Dhahabu hii hutagawiwa hata chembe!"

"Basi gawaneni."

Akajimwagia ndoo nzima, akiwa na nguo zake, mbele ya wachimbaji wote. Wengine walifumba macho kama waliopo msibani. Ritha alisikia maji, akageuka. Povu lilikuwa la kijivu, kisha la kahawia, kisha, kwa mbali, mtu akaanza kuonekana.

Alirudi polepole, bado amekunja uso, akamnyang'anya sabuni.

"Inama," alisema. "Nyuma ya masikio hujagusa kabisa."