Nilimtaja Shangazi Ili Kuficha Mlango Niliouacha Wazi

"Virusi vimeingiaje?"

Meneja aliniuliza swali hilo asubuhi moja, kompyuta zote za kiwanda zikiwa zimefungwa mbele ya macho yetu. Na badala ya kusema sijui... nilimtaja shangazi yangu!

Nina miaka ishirini na saba, nina shahada ya kompyuta, naishi Bariadi. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kuhoji. Nilimhoji mchungaji, nikamhoji mganga, nikamhoji hata baba. Shangazi Minza, dada yake baba, akanibandika jina la Kwa Nini. Ndiye aliyenilea kule Malampaka mama alipofariki. Ndiye pia aliyeniombea kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, alikokuwa karani wa masjala kwa miaka mingi.

Kazi yangu ilikuwa kulinda mtandao wa kiwanda, kuanzia mizani ya magari hadi stoo na ofisi. Nilianza kwa ukali. Niliweka antivairasi kila mashine, nikapiga marufuku flashi za watu wa nje.

Hapo nikagombana na ofisi nzima! Kwetu, kompyuta ya ofisi ni ya mtaa mzima. Mtu akifiwa, ratiba ya mazishi inachapwa masjala. Kwaya ikipata wimbo mpya, maneno yanachapwa masjala. Shangazi hakuwahi kumrudisha mtu.

"Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "mfiwa nimwambie aende wapi na flashi yake?"

Wenzake wakacheka, wakasema nimesoma mpaka nimesahau misiba. Lakini shangazi alinitii. Akawa anawaelekeza watu kwenye duka la kuchapa pale sokoni. Nililijua hilo. Nililiona kwa macho yangu!

Ukafika msimu wa pamba. Malori na matrekta yakapanga foleni hadi barabarani, na kompyuta ya mizani ikawa nzito kwa sababu ya antivairasi. Madereva wakanizomea.

"Mtaalamu! Kompyuta yako ina malaria? Ipeleke zahanati!"

Nikaizima antivairasi. Nilijiambia ni kwa siku moja tu... Sikuiwasha tena.

Halafu, kwa kuwa wenzangu wa ofisini walinisumbua hata Jumapili, nikafungua njia ya kuingia kwenye kompyuta kuu nikiwa nyumbani. Neno la siri? Jina la kiwanda na mwaka. Nani huko duniani angehangaika na Bariadi? Mimi niliyehoji kila kitu, hilo sikulihoji.

Asubuhi ile mafaili yote yalikuwa yamebadilika majina. Hakuna lililofunguka. Kwenye kila kioo kulikuwa na ujumbe wa Kiingereza unaodai malipo. Nikaikimbilia diski ya akiba... Ole wangu! Nilikuwa nimeiacha imechomekwa msimu mzima. Nayo ilikuwa imefungwa pamoja na zingine.

Mizani ikasimama. Wakulima waliotoka Ipililo na Migato wakageuza magari, wakapeleka pamba kwa washindani wetu. Meneja akaniita, akaniuliza lile swali.

"Masjala wanapokea flashi za mtaani," nikasema.

"Minza?"

"Ndiyo."

Nani angebisha? Kila mtu alikuwa amewahi kuchapiwa kitu pale.

Shangazi akaitwa.

"Kwa Nini," akasema, "leo huulizi?"

Nikainamisha macho. Alifukuzwa kabla ya saa sita. Getini mlinzi akampekua mkoba, mlinzi yule yule ambaye shangazi alimchapia ratiba ya mazishi ya mama yake. Mtaani wakamwita Mama Virusi. Kwaya ikaacha kumwalika. Akakusanya vyombo vyake, akarudi Malampaka. Mimi? Nilisifiwa kwa kusema ukweli bila kujali undugu!

Miezi kadhaa baadaye akaletwa fundi kutoka Mwanza. Alisoma kumbukumbu za kompyuta kuu taratibu, kisha akaniita pembeni. Mwizi aliingia Jumapili moja, wiki tatu kabla ya asubuhi ile, kupitia njia niliyoifungua mimi. Flashi haikuhusika kabisa. Nilimlilia asiliandike kwenye ripoti yake. Akaandika.

Nikafukuzwa, nikaenda Malampaka kupiga magoti. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai.

"Kula, mgeni," akasema, akaenda shambani.

Mgeni! Mtoto aliyemlea mwenyewe... Nililia peke yangu mbele ya sahani ile.

Wasomaji wenzangu, nyinyi mnaotunza kompyuta za watu, msizime kinga kwa sababu ya kelele za foleni. Chomoeni diski ya akiba mkimaliza kunakili. Mlango wowote mnaoufungua kwa raha yenu, jueni wapo watu usiku na mchana wanaoujaribu, na hawana haja ya kujua Bariadi iko wapi. Na mkiulizwa msichokijua, semeni hamjui! Neno hilo lingeniponya.

Mwezi uliopita nilikutana sokoni na dada wa mapokezi wa kiwanda. Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Asubuhi ile, kabla ya kuniita mimi, meneja alimwita shangazi kwanza, akamuuliza kama huenda kosa ni langu.

Shangazi alimjibu, "Huyo akikosea, atakwambia mwenyewe."