Sauti ya Kupimia

Bosi alisema niende kwa fundi mmoja kabla jua halijazama, nichukue mzigo, nirudi. Kazi ndogo tu, akasema. Kazi zote kwake ni ndogo, kwa sababu hazifanyi yeye.

Jarida letu liko mtandaoni. Tunaandika juu ya vyombo vya muziki wa metali, ule wa kupiga kelele: magitaa, amplifaya, na zile pedali za kukanyaga kwa mguu zinazolifanya gitaa lingurume. Kila chombo tunakipima kwa njia ileile. Tunapitisha humo rekodi moja isiyobadilika, ili msomaji abonyeze, asikie tofauti kwa masikio yake. Hiyo tunaiita sauti ya kupimia.

Ni ukelele wa mdogo wangu wa kike. Anaimba kwenye bendi, na koo lake majirani wanalilalamikia tangu akiwa mchanga. Wazazi hatuna, tunaishi wawili tu. Koo hilo ndilo kazi yake, na ndilo furaha yake yote.

Mlango wa fundi ulifunguliwa kabla sijabisha. Alisimama mama mmoja mfupi, mtu mzima, vidole vimejaa makovu ya lehemu. Chumba kilinuka risasi iliyoyeyushwa na… nywele zilizoungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa jarida?"

"Ndimi."

Akanipa pedali. Nyeusi, haina jina. Ilikuwa na joto, na wala haikuwa imechomekwa popote.

"Bado mnapima kwa ile sauti?" akanong'ona.

"Ileile, mama."

"Ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Yuko hai?"

Nikacheka. Swali gani hilo? "Yuko hai, tena mkorofi."

"Afadhali," akasema, akafunga mlango.

Studio, Bosi alikuwa ameshatandaza nyaya. Tukachomeka. Nikapitisha sauti ya kupimia.

Pedali nyingine huikwaruza sauti. Hii iliichuna. Nilisikia mate yakimpalia mdogo wangu. Nilisikia pumzi ikikatika. Halafu, chini ya ukelele, likaja neno ambalo halikuwamo kwenye rekodi.

"Kaka…"

Bosi akapiga makofi. "Hii itawaua!" akasema, na palepale akaipandisha mtandaoni.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu jikoni, ameshika kingo za sinki. Nikamwita. Akageuka, akaniangalia.

Mdomo wake ukafunguka.

Ukafunguka zaidi… na zaidi, hadi taya ikalia. Mishipa ya shingo ikamtutumka, machozi yakamtiririka, na sauti haikutoka hata chembe. Kisha ukajifumba. Akavuta pumzi moja. Ukafunguka tena.

Nilitoa simu nimpigie daktari. Ukurasa wa jarida ulikuwa wazi kwenye kioo, na namba ya waliosikiliza ilikuwa ikipanda. Kila ilipopanda, mdomo ulifunguka.

Sikutaka kuamini. Nikabonyeza mwenyewe, kwa kidole changu hiki. Akaanguka magotini.

Nilikimbia hadi kwa yule mama. Taa za barabarani ndiyo kwanza zinawaka. Alikuwa amesimama mlangoni, kama mtu anayengojea mgeni aliyemwalika.

"Mama, mdogo wangu…"

"Marehemu mume wangu alitengeneza pedali," akanong'ona. "Alihangaika nayo ujana wake wote. Bosi wenu akaandika kwamba inalia kama mbuzi aliyekabwa. Akaweka na ile sauti yenu. Watu wakabonyeza, wakacheka. Wakabonyeza tena. Mume wangu alikaa pale, kwenye kile kiti, anasoma vicheko vyao kimoja kimoja. Nilimkuta amejinyonga kwa waya wa spika."

"Mdogo wangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Na mume wangu aliwakosea nini?"

"Nakuomba, mama. Acha."

"Niache nini? Mimi sibonyezi kitu, mwanangu."

Nyuma yake, gizani, kwenye kile kiti, mtu akakohoa. Kikohozi cha mwanamume. Sikungoja kumwona.

Bosi alikataa kuiondoa. Alisema hatujawahi kupata wasomaji wengi namna hiyo, na kwamba nimpeleke mdogo wangu hospitali, niache kuamini uchawi. Nilimsukuma, nikaifuta mwenyewe, na kazi ikaishia hapo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikwisha kuinakili. Wengine wameitia kwenye nyimbo zao. Mmoja ameifanya mlio wa simu. Simjui ni nani, ila anapigiwa sana. Mwingine, shetani huyo, ameiunganisha ijirudie kutwa nzima.

Madaktari wanasema koo ni zima. Wanaliangalia kwa tochi, wanatingisha vichwa. Mdogo wangu hana sauti hata ya kunong'ona. Anakunywa uji kwa kuiba, kati ya mtu mmoja anayebonyeza na mwingine. Bendi imeshapata mwimbaji mpya. Akipata nafuu kidogo hunishika mkono, nami namchukia kila mwenye masikio.

Basi ukiikuta popote ile sauti ya mwanamke, yenye neno "Kaka" chini yake, nakuomba kwa jina la mama yako: usibonyeze.

Hayo yote ya juu niliyapandisha mtandaoni mchana, wakati amelala. Mara ya kwanza kulala tangu siku ile. Watu walikuwa wameanza kuisahau, nami nikataka kuwaonya wachache waliobaki.

Haya machache nayaongeza sasa hivi. Mmesoma wengi. Mmesoma wengi sana, na maoni yenu nayaona yanaingia, mnaulizana inapatikana wapi, mnatumiana.

Chumbani kitanda chake kimeanza kugonga ukuta.