Somo Yangu Hafutiki

Huyu hapa ni Mize. Si Miza, wala si Mzee. Ni Mize.

Mize alikuwa na miaka saba. Alikaa Pangani, nyumba ya tatu kutoka kisimani.

Nyumba ya nne alikaa Bi Mize. Alikuwa bibi mwenye meno manne na kicheko kikubwa.

Mize alipozaliwa, mama yake alimpa jina la jirani huyo. Na kule Pangani, watu wawili wenye jina moja huitana somo.

Kila asubuhi Bi Mize alipika vitumbua barazani. Chwaa! Chwaa! Mafuta yaliimba.

"Shikamoo, somo!" aliita Mize.

"Marahaba, somo! Kitumbua cha kwanza cha nani?"

"Cha somo!"

"Somo yupi?"

"Somo mdogo!"

Kitumbua kilikuwa cha moto. Mize alikipuliza. Fuu, fuu, fuu. Kisha akaenda shule.

Siku moja, darasa la pili lilipata mwalimu mpya. Jina lake Mwalimu Zakaria Mligo. Alitoka Njombe, mbali, kwenye baridi.

Mwalimu aliandika neno moja ubaoni. SOMO.

"Kila mtu aandike sentensi nne," alisema. "Nitazibandika ukutani. Leo saa tisa wazazi wenu watakuja kuziona."

Mize alifurahi. Somo! Hilo alilijua vizuri sana.

Aliandika polepole, ulimi nje.

"Somo yangu anaitwa Mize. Somo yangu ana meno manne. Somo yangu anapika vitumbua. Somo yangu ananipenda"

Mwalimu alipita. Alisoma. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapana, Mize. Hatusemi somo yangu. Tunasema somo langu. Na somo halina meno. Masomo ni Kusoma, Kuandika na Hesabu."

Darasa zima likacheka. Kwa! Kwa! Kwa!

"Somo la Mize lina meno!" alisema Zakaria, mtoto wa fundi baiskeli. "Litatuuma!"

Mwalimu akampa Mize raba. "Futa, uandike upya."

Mize aliitazama raba. Akaitazama karatasi. Akaifunika karatasi kwa mikono yote miwili.

"Sifuti, ng'o! Somo yangu hafutiki!"

Kicheko kikakatika. Ji! Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia mwalimu ng'o.

"Umesema nini?" aliuliza mwalimu.

"Nimesema sifuti, mwalimu." Alitia neno mwalimu, kwa sababu alifunzwa adabu.

"Basi utabaki humu mpaka ufute. Usipofuta, karatasi yako haitabandikwa."

Kengele ikalia. Nge! Nge! Nge! Watoto wakatoka kucheza. Mize akabaki.

Nje mpira ulidunda. Du, du, du. Ndani raba ilinukia kama pipi. Mize hakuigusa.

Subira alichungulia dirishani. Yeye ndiye aliyekaa naye dawati moja.

"We Mize, futa tu! Neno dogo hilo. Uje turuke kamba."

"Sifuti."

"Kwani ukifuta, Bi Mize atakufa?"

"Hatakufa. Lakini ukutani kutakuwa na Hesabu, na yeye hatakuwepo."

Subira alifikiri. "Basi nikufutie mimi?"

"Thubutu!"

Zakaria naye akaja dirishani. Alikuwa na jasho la mpira.

"Somo langu!" alisema.

"Somo yangu!" alisema Mize.

"Langu!"

"Yangu!"

"Langu, langu, langu!"

"Yangu! Na ukitaka, kaa hapo mpaka jioni. Mimi pia nipo."

Kengele ikalia tena. Watoto wakaingia. Mwalimu akaja mpaka kwenye dawati la Mize.

"Umefuta?"

Mize alisimama. Sauti yake haikutetemeka.

"Sifuti, ng'o! Somo yangu hafutiki!"

Mwalimu akaketi kwenye dawati dogo. Kriii! Magoti yake yakamfika kidevuni.

"Mize, mbona mkaidi hivi?"

"Mwalimu, Hesabu ni somo langu. Linakaa ndani ya daftari. Bi Mize ni somo yangu. Anakaa nyumba ya nne. Yeye si Hesabu, mwalimu. Ni mtu."

"Ni mtu?"

"Ndiyo. Yeye Mize na mimi Mize. Jina moja. Ndiyo maana ni somo yangu."

Mwalimu alivua miwani. Aliifuta kwa shati. Akaivaa tena.

"Kumbe! Sisi tunasema wajina."

"Sisi tunasema somo," alisema Mize. "Hata wewe unaye, mwalimu. Humu humu darasani."

"Mimi? Nani?"

Watoto wote wakageuka. Wakamtazama mtoto wa fundi baiskeli.

"Zakaria!"

Zakaria akazama chini ya dawati. Darasa likapiga kelele. "Somo! Somo! Somo ya mwalimu!"

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akajaribu neno lile mdomoni, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Somo yangu Zakaria, toka chini ya dawati."

Kikatoka kichwa. Yakatoka masikio. Ikatoka sauti ndogo.

"Naam, somo."

Mwalimu akachukua gundi. Akasoma karatasi ya Mize mara ya pili.

"Sentensi ya mwisho haina nukta," alisema.

Mize aliiangalia. Kweli, haikuwa nayo.

"Hiyo nitaitia," alisema. Akaitia. Tu!

Saa tisa wazazi wakaja. Mama Mize alikuja. Bi Mize alikuja pia, na kanga mpya iliyokakamaa kwa wanga. Karatasi ilikuwa ukutani, katikati kabisa.

"Nisomee, somo," alisema Bi Mize. "Mimi sikusoma shule."

Mize akamsomea zote nne. Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka hata kidogo.

"Jina langu liko wapi?" aliuliza.

Mize akaweka kidole. "Hili hapa."

"Na lako?"

"Hilo hilo."

Bi Mize akaweka kidole chake juu ya kidole cha Mize. Wakasimama hivyo. Watu walipita, na wao bado wamesimama.

Jioni Mize alikula wali. Alioga. Akapanda kitandani.

"Mize!" aliita mama kutoka uani.

"Abee!" aliitika Mize.

"Abee!" ikaitika sauti nyingine, nyumba ya nne.

"Lala sasa!"

"Haya!" wakajibu wote wawili.

Wakalala.