Jiko Fupi la Pongwe

"Mbona jiko limekuwa fupi hivi, shoga? Mtapika mmepiga magoti?"

Aliyeuliza ni Mwanasiti, jirani wa ukuta mmoja pale Ngamiani, Jumatatu moja ya mwaka tisini na saba. Alikuja kuangalia nyumba, kama walivyozoea wanawake wa mtaa. Nyumba yenyewe haikuwa na hata tofali moja ardhini, ilikuwa ndani ya kompyuta tu, lakini ina sebule, varanda na mapazia, na ukibonyeza unaingia mlangoni kama mgeni. Ilikuwa nyumba ya Sabiha, ya kujengwa Pongwe, nje ya mji, na alikuwa akiingoja kwa miaka kumi na minne.

Mumewe, Haroub, alikuwa mchora ramani. Shirika lao lilipouzwa walipunguzwa wote wawili siku moja, yeye kwenye meza ya kuchorea, Sabiha kwenye mashine ya taipu. Haroub akafungua ofisi chumba cha mbele, akanunua kompyuta iliyotumika kwa Fundi Eliudi, mtu mmoja wa makamo wa Dar es Salaam, ikaja na programu ya kuchorea nyumba. Mkono wa Haroub ulizoea kalamu ya wino, kwenye kipanya ukawa mzito. Vidole vya Sabiha vilikuwa vyepesi. Basi mume akawa anachora kwenye karatasi, mke anaingiza kwenye mashine.

Programu ile ilikuwa na vituko vyake. Paa liliwahi kukataa kukaa juu ya nyumba siku tatu, kumbe kona moja ya ukuta haikugusana, nafasi ya unene wa uzi. Fundi Eliudi alimwelekeza kwa simu: vuta picha karibu, funga kuta kwanza, sakafu ifuate, paa liwe la mwisho. Tena akamfundisha kuweka mtu wa mfano mwenye kimo chake, ili aone kama milango na makabati yanamtosha. Sabiha akaweka mwanamke wa futi tano na inchi nane, maana yeye ni mrefu, mtaa mzima wanamjua kwa urefu.

Na huyo mwanamke wa mfano ndiye aliyekuwa amesimama jikoni Jumatatu ile. Meza ya jiko ilimfika mapajani.

Sabiha alimjibu Mwanasiti kuwa mashine imeharibika tena. Mwanasiti akacheka, akasema labda mashine imemwona mvivu, akaenda zake. Sabiha akanyanyua simu.

"Fundi, programu yako imenishushia jiko. Alhamisi lilikuwa futi tatu, leo nakuta futi mbili na nusu."

"Mengine yameshuka?"

"Rafu za ukutani. Na dirisha la jikoni."

"Kuta, milango?"

"Hivyo viko vilevile."

Eliudi akamwambia taratibu kwamba hilo si tatizo la mashine. Makabati ya jiko huja yenyewe na futi tatu. Ili yashuke, lazima mtu akae, abonyeze kabati moja moja, aandike kipimo.

"Mashine haijiamulii, mama. Hizo futi mbili na nusu kaziandika mtu. Tazama jina la kazi, pembeni kuna siku na saa ilipohifadhiwa mara ya mwisho."

Sabiha akatazama. Ijumaa, saa saba na dakika tano mchana.

Ijumaa yeye hushinda Pongwe kwa mama yake. Na Ijumaa ile Haroub alitoka na kanzu aliyompigia pasi yeye kwa mkono wake, akajifukiza udi, akasema anawahi safu ya mbele. Saa saba na dakika tano imamu yuko juu ya mimbari. Mtu anaacha Ijumaa kwa ajili ya jiko?

"Kuna jambo jingine," Eliudi alisema. "Fungua orodha ya vilivyofichwa, bonyeza onyesha vyote. Wakati mwingine mtu anaficha kitu, kinabaki ndani, kinaleta matatizo."

Sabiha akabonyeza.

Chumbani, kile chumba kikubwa chenye dirisha la kuelekea minazi, alisimama mwanamke mdogo. Wa mfano, hana uso wala nguo, kivuli cha buluu tu. Sabiha akambonyeza. Futi nne na inchi kumi.

Alimshukuru fundi, akamwombea heri, akaiweka simu chini polepole.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Mwezi wa Shaaban alikuja ofisini mfanyabiashara wa vitambaa, Shadya, mtu wa Pemba, mwenye duka Barabara ya Nane, anataka ramani ya duka. Alikuwa mfupi hata alipokaa kwenye kiti miguu ilining'inia. Haroub, ambaye hajawahi kumsogezea mkewe hata mkeka, alipiga goti akamwekea boksi la karatasi chini ya miguu. Sabiha aliona. Akaenda kuleta chai.

Sasa alimtazama yule mwanamke wa buluu amesimama chumbani kwake, akashikwa na jambo la kitoto. Alifuta kile kimo, akaandika futi moja. Mwanamke akawa kama kuku. Sabiha akamtazama alivyokuwa kuku, roho ikatulia kidogo, halafu akaona haya. Akaleta istighfari, akamrudishia kimo chake inchi kwa inchi.

Kisha akampigia Shadya simu ya dukani. Alimwambia kwa upole kuwa ramani imekaa vizuri, aje Jumamosi baada ya alasiri aione. Upande wa pili ukachangamka. Shadya akasema alikuwa akiona haya kuja, kumbe dada ana moyo mweupe hivi.

Siku tano zile Sabiha alipika, alifua, aliswali, alimtilia Haroub maji ya kuoga. Akimwona anafunga vifungo vya shati anajiuliza kifungo kipi kimefungwa na nani. Akicheka, anajiuliza kicheko hicho kajifunzia wapi.

Jumamosi Shadya akaja na kikapu cha halua. Alibusu mkono wa Sabiha, akamwita dada. Haroub alikuwa ametoka kwenda kupima kiwanja cha mtu, na Sabiha alijua atarudi kabla ya magharibi. Akamkalisha mgeni mbele ya kompyuta, akamwingiza ndani ya nyumba, sebuleni, varanda, mpaka jikoni, na pale akawaweka wale wanawake wawili wa mfano pamoja, mrefu na mfupi.

"Huyu mdogo ni wewe," Sabiha alisema. "Futi nne na inchi kumi. Nimekosea?"

Shadya akacheka. "Umepatia, dada. Haroub mwenyewe alinipima, aliniegemeza pale mlangoni."

Sabiha aliutazama ule mlango wa barabarani, ambao anaupita kila siku na kikapu cha sokoni.

"Lini?"

"Ijumaa ya wiki iliyopita. Alisema wewe ndiye uliyetaka nipimwe, jiko lisije likanitesa. Nikasema huyu mwanamke ni wa peponi. Mwingine angenipiga na mwiko."

"Na mengine alikwambia nini kuhusu mimi?"

Shadya akashusha macho. Akaeleza kwamba Haroub amepeleka posa kwa kaka wa Shadya, kwamba mke mkubwa ameridhia, hapendi mambo ya shamba, atabaki mjini Ngamiani kwenye nyumba ya kupanga, na mke mdogo atakaa Pongwe. Alisema kwa adabu, kama mtu anayerudia maneno ambayo mwenzake anayajua.

"Na kiwanja cha Pongwe, cha nani?"

"Chake. Si alikinunua kwa kiinua mgongo?"

Mlango ukafunguliwa. Haroub aliingia na futi ya kupimia mkononi, akamwona Shadya, akaona kioo cha kompyuta, wanawake wawili wa buluu jikoni. Akasimama.

"Ingia, Baba Uweso," Sabiha alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Tunaulizana kiwanja ni cha nani. Mwambie mgeni."

"Mama Uweso, haya tuyazungumze faragha."

"Yeye ulimpima hadharani, kwenye mlango wa barabarani. Mwambie."

Haroub akaanza kusema habari za ndoa. Akasema mke wa pili si haramu, na yeye Sabiha mwenye kusoma Kurani asijifanye hajui.

"Sijasema haramu. Mwenyezi Mungu kakuruhusu wake. Hakukuruhusu kiwanja cha marehemu baba yangu." Akamgeukia Shadya. "Hati ina jina langu, iko kwa kaka yangu Jumbe, Pongwe hukohuko. Mama yangu anaishi jirani na kiwanja. Ungekuja kukaa mlangoni kwa mama yangu, mdogo wangu, na mimi hapa nalipa pango."

Shadya akamgeukia Haroub.

"Ni kweli?"

"Ningemweleza. Nilikuwa natafuta wakati wake."

"Ni kweli, au si kweli?"

Haroub akaanza kuikunja futi yake. Shadya akajitanda buibui yake. Alisema posa airudie kwa kaka yake kesho, na asipite tena Barabara ya Nane hata kununua uzi. Mlangoni akageuka kwa Sabiha, akamwambia, "Nisamehe dada, nililishwa uongo," akatoka. Halua ilibaki mezani.

Wakabaki wawili. Haroub akasema ameaibishwa ndani ya nyumba yake. Sabiha akamwacha amalize.

"Unajua kilichoniuma?" aliuliza. "Si kuoa. Nilidhani kitaniuma kuoa. Miaka kumi na minne napika nimeinama, jiko la mkaa chini, ubao wa kukatia chini. Nikikwambia mgongo, unaniambia nijipake mafuta. Halafu umeacha swala ya Ijumaa, umekaa na mashine usiyoiweza, kabati moja moja, kwa mkono wako mzito, ili mwanamke mwingine asijinyooshe. Kumbe unajua kuwa jiko hupimwa kwa mpishi. Ulijua siku zote."

Akaigusa nyumba kwenye kioo cha kompyuta.

"Mimi nitaijenga nyumba hii," Sabiha alisema. "Mdogomdogo, kwa kazi yangu, kwenye kiwanja changu. Ukitaka kukaa ndani yake sitakufukuza, wewe ni baba wa mwanangu, na mimi, Mungu anisamehe, bado nakutaka. Ila futi hiyo unayo mkononi."

Akaenda kwenye ule mlango. Akauegemeza mgongo wake, kisigino kwenye mbao, kichwa juu, mikono aliikunja mbele kama anayekata kitunguu kwenye meza ambayo haipo.

"Nipime na mimi."

Haroub aliitazama futi, akamtazama mkewe aliyesimama wima mbele yake, kisha akaangalia upande wa barabara alikopita Shadya. Akaiweka futi juu ya meza, kando ya halua. Akachukua kofia yake, akapita ubavuni mwa Sabiha pale mlangoni, akatoka.