Sauti ya Mpiga Vanishi

Karakana ilikuwa imefungwa tangu msiba, wala hakuna kopo lililofunguliwa, lakini Sindano alipoingia mchana ule kuchukua mkasi wake, harufu ya vanishi mbichi ilimkaba koo. Aligusa kabati lililokuwa karibu na mlango. Likamnata vidoleni.

Mpiga vanishi wa karakana hiyo alikuwa na siku tisa kaburini.

Baba yake Sindano, seremala aliyeheshimika mtaa mzima, ndiye aliyempiga nyundo ya kisogo walipogombana juu ya mlango uliokwaruzwa. Sindano peke yake aliona. Miaka kumi na minne alikuwa akimshonea baba makochi, mpaka jina lake halisi likasahaulika, na hajawahi kusikia hata ahsante. Polisi walipokuja, akawaambia marehemu aliteleza juu ya rundo la mbao. Walipoondoka, baba alimwekea mkono begani. "Kumbe nilizaa," alisema. Na Sindano, Mungu amsamehe, alifurahi.

Kesho yake baada ya harufu ile ya karakana, wakiwa mezani, wakasikia msasa ukipita kwenye mbao, nyuma ya ukuta. Kwaru. Kwaru.

"Nani yuko karakana?" baba alinong'ona.

"Hakuna mtu, baba. Ufunguo ninao mimi."

Msasa haukukoma, ulitoka karakana ukaja ukutani, ukapita chini ya dirisha, ukaingia ndani ukifuata sakafu, taratibu, kama mtu anayelainisha kitu anachokipenda, hata ukafika kwenye kiti cha baba, ukapanda mguu wa kiti, na hapo baba akaachia kijiko, macho yakamgeuka meupe, na kinywa chake kikatoa kikohozi kikavu cha mtu aliyevuta vanishi maisha yake yote.

Shangazi, dada wa baba, alikwenda mbio kumleta mganga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Mganga akafukiza ubani, akachuchumaa mbele ya mzee.

"Wewe uliyempanda huyu, unataka nini?"

"Kwake sitaki kitu," ilijibu sauti ya marehemu. "Namtaka mwanawe. Yeye ndiye aliyesema niliteleza." Kisha kichwa cha baba kikamgeukia Sindano, kikatabasamu. "Binti mwema. Baba anajivunia."

Maneno aliyoyangoja tangu utotoni. Sindano alipiga hatua moja kuelekea kile kiti.

Mganga alimvuta pembeni. "Lingekuwa jini ningelibembeleza. Huyu ni mtu aliyedhulumiwa, na dawa yake unayo kinywani."

"Nikisema, baba atafungwa."

"Usiposema, hutakuwa na baba."

Alikwenda kituoni kwa miguu, asije akapanda gari akafika kabla ya kuamua. Alieleza yote: mlango, nyundo, uongo wake. Askari aliandika bila kuinua macho, akamwambia na yeye ana kesi ya kujibu.

Aliporudi na askari wawili, nyumba ilikuwa kimya. Baba alikuwa akinywa maji, macho yake yamerudi mahali pake.

"Hawa wamefuata nini?"

"Nimewaambia, baba."

Baba alimtazama kuanzia unyayoni hadi utosini, bila haraka. Kisha akamgeukia shangazi. "Huyu binti ni wa nani?"

Shangazi alimshika mganga mkono. "Bado yumo," alinong'ona. "Bado hajatoka."

Mganga alikuwa ameshaanza kufunga vitu vyake. "Ametoka zamani," alisema. "Anayesema sasa ni kaka yako."