Nilitia Saini Dawa Ambayo Sikuisikia

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne. Ninashona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja hapa Runzewe. Wateja wangu hawajui kwamba niliwahi kuwa nesi... Leo nawaambia ninyi, wasomaji wenzangu, maana nimechoka kulia peke yangu.

Nilifanya kazi katika zahanati ndogo karibu na machimbo ya Rwamgasa. Daktari hatukuwa naye. Alikuwa hospitali, mbali, nasi tulizungumza naye kwa redio ya upepo. Tulimweleza hali ya mgonjwa na uzito wake, naye akataja dawa na kipimo. Sheria ilikuwa moja: atakayetoa dawa ndiye anayesikiliza redio. Anamrudishia daktari maneno yake yote, anaandika kitabuni, anatia saini. Daktari naye anaandika kwenye kitabu chake.

Sabina alikuwa nesi mwenzangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi! Alipofika hana pa kulala, nilimpa chumba nyumbani kwangu. Tulikula sahani moja. Watu wa machimbo walidhani ni mdogo wangu wa tumbo moja, nami sikuwasahihisha.

Siku hiyo, saa nane mchana, Mama Kulwa alimleta mwanawe wa miaka minne. Alikuwa mkulima wa kijiji cha jirani, amembeba mtoto mgongoni njia nzima. Malaria kali, mtoto anaweweseka. Mimi nilikuwa namshona mchimbaji aliyejipiga sururu mguuni, damu haikatiki... Nikamwomba Sabina aingie kwenye redio badala yangu.

Alirudi na kitabu. Kwinini, miligramu mia nne hamsini, kwa dripu.

Nilishtuka. "Sabina, mtoto wa kilo kumi na tano?"

"Dada Esta, daktari ndiye kasema. Nimemrudishia mara mbili," akanijibu. "Tia saini, mtoto anakwisha!"

Nikatia saini. Nikatundika dripu. Jamani, kwa nini sikwenda kumuuliza daktari mwenyewe? Redio ilikuwa chumba cha pili tu!

Dripu haijaisha, mtoto akaanza kutapika, kisha degedege. Nikaifunga. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la mnunuzi mmoja wa dhahabu. Namshukuru Mungu, hakufa. Lakini alipopata nafuu, mama yake alimwita akiwa amempa mgongo. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena, kwa sauti... Masikio yalikuwa yamekufa.

Tukaitwa kikaoni. Kitabu cha daktari kilisema mia moja hamsini. Chetu, mia nne hamsini! Daktari alieleza kwamba aliomba arudishiwe maneno, redio ikazimwa. Aliyekuwa akizungumza naye alikuwa mwanamke, lakini kwa mikwaruzo ya redio hakuweza kujua ni nani kati yetu.

Nikamtazama Sabina. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, nilijua atasema ukweli.

Sabina alisimama, akafuta machozi, akasema mimi ndiye niliyesikiliza redio. Eti mikono yangu ilikuwa na damu, ndiyo maana nilimtajia yeye aandike. "Saini ni yake," akamalizia. Hakuniangalia hata mara moja!

Nilipiga kelele kwamba anasema uongo. Nani angeniamini? Mama Kulwa alikuwa nje na mtoto, hakuona aliyeshika redio. Yule mchimbaji niliyemshona alikuwa ameshahama kufuata dhahabu kwenye rashi nyingine, machimbo mapya, hakuna aliyejua wapi. Na saini ilikuwa yangu kweli...

Nilifukuzwa kazi. Sabina akapewa nafasi yangu, na nyumba ya zahanati niliyokuwa nikiishi pia. Niliambiwa hata mapazia yangu hakuyashusha.

Kwa miaka mingi nilimchukia yule mwanamke kwa roho yangu yote. Nilimsimulia kila aliyekubali kunisikiliza. Kisha mwaka jana Mama Kulwa alikuja sokoni hapa Runzewe, amemshika mwanawe mkono. Nilimkimbilia. Nikamweleza kila kitu, jinsi Sabina alivyonisaliti, jinsi nilivyoonewa. Nilitaka na mimi anionee huruma.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Nesi, ulipoona kile kipimo, ulishtuka?"

"Nilishtuka, mayu, mama yangu."

"Na ukamtundikia mwanangu."

Alimvuta mtoto, wakaondoka. Mtoto aligeuka akanipungia mkono, hajui mimi ni nani...

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mlio katika kazi ya kutibu, nawasihi! Rafiki anaweza kuwa na haraka, anaweza kuwa na hofu, anaweza kukukana mchana kweupe. Dawa usiyoisikia kwa masikio yako, usiitilie saini. Na moyo ukikushtua, simama! Muulize daktari mwenyewe. Sabina alinisaliti mimi, hilo sitalisahau. Lakini mtoto yule nilimsaliti mimi.