Pengo la Ukurasa wa Mwisho

Kitabu kilikuwa kipya, kimechapishwa Kawangware juzi tu, lakini kilinukia udi wa nyumbani kwa kina Hadia, mtaani Laini Saba. Hadia alikifungua akakuta hadithi yake mwenyewe, ya watu wa kisiwa waliotawaliwa na wageni wakazificha nguvu zao ndani ya jini mmoja. Jaladani palikuwa na jina la Ciru.

Ciru, rafiki wa kufa na kuzikana! Nyanya yake Hadia, Bakhita, ndiye aliyemsimulia kisa hicho, akamkanya asithubutu kuliandika jina la jini, maana kuliandika ni kumwita. Daftarini, kwenye ukurasa wa mwisho, Hadia aliliachia pengo, ila siku moja alimwazima Ciru daftari hilo, akamnong'onezea na jina. Sasa, kitabuni, pengo lilikuwa limejazwa. Hadia alikifunga kitabu kwa uchungu.

Mchana huo Ciru akampigia simu. "Hadi, kuja kwetu Kongo, hapa Kawangware, please. Kuna mtu anasoma hicho kitabu ndani ya ukuta."

Hadia alitamani kumkatia simu. Badala yake alimchukua nyanya yake na chetezo cha udi, wakaenda.

Nje jua lilichoma mabati, lakini chumbani kwa Ciru kulikuwa na baridi, na ukutani sauti ya mwanamke ilisoma polepole, ikafika kwenye lile jina, ikaanza upya, ikafika tena, na kila ikirudia ilisogea, ikawa nyuma ya kabati, ikawa chini ya kitanda, ikawa ndani ya godoro alilokalia Ciru.

Bakhita akatia udi kwenye makaa. "Jini humtii mwenye hadithi peke yake," alinong'ona. "Hadia akimwambia aende, ataenda. Lakini wewe, Ciru, umeshajitangaza kuwa mwenyewe, kwa hivyo lazima kwanza umrudishie Hadia hadithi yake. Hadithi ni ya nani?"

Ciru akatazama mlangoni. Mama yake alikuwa amesimama pale na majirani, kila mmoja na nakala ya kitabu aliyokuja kutiliwa sahihi.

"Ciru, sema tu," Hadia alimsihi. "Sitakasirika. Sema ni yangu."

"Ni yangu, shosh," Ciru akamjibu Bakhita. "Nimeiandika mwenyewe."

Sauti ikanyamaza. Bakhita akayamwagia makaa maji. "Ameshasikia. Sasa ni wako, Hadia hawezi tena kumwondoa," alisema, akajitanda mtandio wake tayari kuondoka.

"Ciru, kwa nini?" Hadia aliuliza huku akilia.

Ciru akafungua kinywa kumjibu, na ile sauti ya ukutani ikatoka humo, ikaanza kusoma ukurasa wa kwanza.